Sekunde Nane za Mjomba Mfaume

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Bi Zaituni wa vikapu kanifikishia maneno yako kama ulivyomtuma, kwamba kama mjomba wangu simsalimii, basi na wewe nisikusalimie. Siku tatu nimekaa nayo hayo maneno. Nimejaribu kuandika barua bila shikamoo, kalamu haiendi. Kwa hiyo nimeitia. Ukiona haifai, iache hapohapo kwenye karatasi.

Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika, au imeishia kwa yule kijana wa basi? Na mihogo ya bondeni nguruwe wameiacha mwaka huu au ndo yaleyale? Huku tunasikia tu mvua za kwenu ni kubwa na magari yanalala njiani. Mie mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nimechoka tu. Nalala nimechoka na kuamka nimechoka, lakini si ugonjwa, usiwe na wasiwasi.

Somoe mdogo wangu, najua ndiwe unayemsomea mama. Msomee ndani, mlango ufunge. Usisome barazani. Ikisikiwa na mtu mmoja hapo Mitole, Ijumaa haifiki ishakuwa Mbagala kwa mjomba, na hilo ndilo nisilolitaka. Mwandiko wangu mbaya, wewe unaujua, soma polepole.

Mama, ni kweli. Sikumsalimia mjomba Mfaume. Siku nzima, mbele ya watu, kaniita na sikuitika. Bi Zaituni hakutia chumvi. Sasa nakueleza ilivyokuwa, na nitaeleza kirefu, maana mdomo wangu unaujua, nikija kukaa mbele yako sitasema hata nusu yake.

Unajua kiwanda chetu cha sabuni kilikuwa cha serikali, kikauzwa kwa mwekezaji. Mjomba yuko pale tangu kile cha serikali, mie kaniingiza yeye. Kazi yake ni kwenye meza ya kugeuzia. Nikueleze meza yenyewe. Sabuni zikishafungwa kwenye maboksi zinakuja juu ya mkanda wa mpira unaokwenda wenyewe kwa umeme. Zikifika pale kwa mjomba kuna meza ya mviringo ya chuma. Boksi likipanda, meza inaligeuza, mjomba anatazama muhuri kama umegongwa, halafu anavuta mkono wa chuma na boksi linashuka upande wa pili. Huo mkono uko nyuma yake, ukutani. Kila boksi ni lazima ageuke autazame ukuta, avute, ndo arudi. Boksi likishashuka tunalipokea sisi wa vigari, tunapanga, tunasukuma mpaka kwenye lifti, linapanda stoo ya juu. Mie nilikuwa wa vigari.

Mwekezaji akataka vitu vyote vile viende vyenyewe, watu wapungue. Lakini kabla ya kununua mitambo akataka kwanza kuona itakavyokuwa. Akaletwa injinia kutoka chuo kikuu, mwanamke, kijana tu, anaitwa Neema, watu wa Mbeya. Akapewa chumba kidogo karibu na geti na kompyuta. Kazi yake ni kukitengeneza kiwanda chetu ndani ya kompyuta, kiende kama kinavyokwenda chenyewe, halafu awe anabadilisha. Anaondoa mtu hapa, anaongeza mkanda pale, anatazama sabuni ngapi zimefika juu. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari ushajua.

Akahitaji mtu anayekijua kiwanda na asiyekuwa na maneno mengi. Wote wakanitaja mie. Msimamizi wetu, Bwana Luka, akamwambia, "Mchukue huyu Athumani. Ukimaliza naye mwezi ukasikia sauti yake, njoo uniambie ikoje." Wakacheka. Nikaenda nikiwa natazama chini.

Nikapewa shati safi na saa ya kubonyeza. Injinia akanifundisha: fuata boksi moja tangu linapotoka kwenye kufungwa mpaka linapofika stoo. Kila kituo, likiingia bonyeza, likitoka bonyeza, andika sekunde. Likifika juu, rudi uanze na jingine. Akaniambia, "Usifikirie, mdogo wangu. Andika unachokiona." Kuandika namba naweza, darasa la nne lilinitosha kwa hilo. Nikazunguka siku tatu. Vijana wakanipa jina. "Bwana Saa, mambo?" "Poa." "Nakwenda chooni, nihesabie na mie." Huku mikono yao inafanya kazi, boksi linapita, hawanitazami mara mbili.

Nikifika kwa mjomba ni mambo mengine. Nani aliyenipeleka jandoni, mama? Nani aliyenifundisha kwamba mkubwa humpiti kama gogo? Siwezi kusimama mbele yake na saa mkononi nikakaa kimya. Nikimfikia asubuhi, shikamoo mjomba.

"Marahaba mjomba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Habari za nyumbani? Dada kaleta maneno?"

"Hajaleta, lakini wazima."

"Na miguu yake?"

"Inamsumbua kidogo."

"Haya. Mikorosho ishatoa maua?"

Nikizunguka nikarudi, shikamoo ishapita, lakini ataniuliza nimekula nini, nimelala vipi, hili shati kanipa nani. Mzunguko mwingine anawaita wenzake wa upande ule, "Mnamwona huyu? Mpwa wangu. Yuko na watu wa kompyuta sasa hivi." Alikuwa na furaha mama, sijapata kumwona vile. Na muda wote huo boksi liko juu ya meza limesimama. Kwa sababu ule mkono uko ukutani, na mjomba hawezi kumpa mgongo mtu anayemsalimia. Unamjua mdogo wako. Anamaliza kwanza maneno, anasema haya mjomba, ndo anageuka anavuta.

Na mie nabonyeza. Nikaandika hamsini na mbili. Nikaandika arobaini na saba. Iko ambayo niliandika sabini, siku aliyoniuliza habari za mirathi ya marehemu babu. Nimeambiwa niandike ninachokiona, nikaandika.

Basi injinia akaziingiza namba zote. Mara ya kwanza alitia kila kitu. Kila mkanda, kila kona, kila kigari na mtu wake, mpaka muda wa kufunga mlango wa lifti. Ukitazama kioo unaona vijiboksi kama punje za mtama vinatembea, vingi mpaka macho yanauma. Nikauona na upande wetu wa vigari, nikajua hapo ndipo ninaposimama mie. Lakini ile mashine ikazidiwa. Unaiwasha asubuhi ikuonyeshe siku moja ya kiwanda, mpaka watu wanakwenda kula bado haijamaliza. Na injinia alitaka kuiendesha mara nyingi. Na jibu likija, hajui limetokana na kipi, vitu vimejaa. Meneja akawa anakuja mlangoni kila siku. "Bado?" "Bado bosi." Siku moja akamwambia mwisho wa wiki anataka jibu, hata liwe la nusu ukurasa.

Injinia akashika kichwa. Halafu akanigeukia, akasema, "Athumani, tupunguze. Hivi vitu vingine havina kazi humu ndani. Hebu niambie, huu mkanda wa kwanza una nini?"

"Unapitisha tu."

"Boksi halisimami hapo?"

"Hapana. Labda umeme ukatike."

"Na hii kona?"

"Hapana."

"Basi huu mkanda na hii kona na ule wa pili vyote kitu kimoja. Boksi linaingia huku, baada ya dakika moja na nusu linatokea kule. Katikati yake hatutaki kujua."

Nikaelewa mama, na sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, kwetu mtu akikuuliza njia ya kutoka Mitole kwenda Masoko humhesabii mashamba. Unamwambia toka asubuhi, adhuhuri umefika, ila uangalie mtoni, maana pale ndipo unapoweza kulala. Akanitazama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akacheka, akaandika kwenye karatasi akaibandika juu ya kompyuta: tutafute mto. Nikaona aibu lakini nilifurahi.

Tukakaa siku mbili, yeye anauliza mie najibu, yeye anafuta. Kila kisichomsimamisha mtu tukakiunganisha na mwenzake. Kile kiwanda cha mtama kikawa vitu vichache tu kwenye kioo, vijisanduku vitano na mistari. Ukikiwasha, kabla hujamaliza kikombe cha chai kishakuonyesha mwezi mzima. Akakipima na kile kikubwa, namba za mwisho zikakaribiana. Akanipa mkono. Akasema tumefanya kazi ya watu wazima.

Halafu tukatazama mto uko wapi. Ulikuwa kwa mjomba.

Kwenye kile kiwanda kikubwa ulikuwepo, lakini vitu vingi, huuoni. Sasa tumeondoa vyote, umebaki peke yake. Vijiboksi vyekundu vimepangana nyuma ya ile meza mpaka nje ya mstari, na mbele ya meza kweupe. Meneja akaitwa. Akatazama muda mfupi tu. Akasema, "Nani yuko hapa?" Injinia akatazama karatasi, "Mzee mmoja, Mfaume." Meneja akasema, "Basi imekwisha. Hapa tunaweka mashine, mzee anapumzika. Andika." Akaondoka. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, sidhani kama aliniona.

Mama, siku mbili sikusema kitu. Nilikwenda kwenye meza ya mjomba saa yangu ya kula nikatazama kwa mbali, yeye hanioni. Boksi linakuja, linageuka, anavuta, linashuka. Linakuja jingine. Hakuna foleni. Mie nimekaa kwenye vigari pale miaka, sijawahi kuona foleni kwa mjomba, na kule kwenye kioo iko foleni. Ndo nikafahamu. Foleni naileta mie. Nikiondoka na saa yangu na shikamoo yangu, na foleni inaondoka.

Sasa kusema. Unajua nilivyo. Nimekwenda mpaka mlangoni kwa injinia mara tatu nikageuka, mara ya nne nikamkuta amesimama hapo hapo anataka kutoka.

"Una nini wewe?"

Nikamwambia namba za mjomba si za kweli. Akakunja uso. "Ulitunga?" Nikasema sikutunga. Nikamweleza mkono wa chuma ulipo, na salamu, na mgongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani akakaa, akaweka paji la uso juu ya meza. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema, "Athumani, na mie ningemsalimia. Nimesoma miaka minne chuo kikuu, hakuna aliyenifundisha kuandika salamu iko wapi kwenye hesabu." Halafu akainua uso. "Na huyo mzee ni nani wako?"

"Mjomba."

"Mungu wangu. Meneja akijua atasema umempikia namba mjomba wako."

Akaniambia tutahesabu upya, kituo kile tu, kutwa nzima, na Bwana Luka asimame nami ashuhudie. Lakini masharti. Mzee asiambiwe. Akiambiwa anahesabiwa ataharakisha, na namba zitakuwa za uongo wa upande mwingine. Usimsalimie, akikusalimia usiitike, usimtazame usoni, tazama boksi. Na mpaka orodha ya wanaopunguzwa ibandikwe, usimwambie yeyote. "Utaweza?" Nikasema nitaweza. Sikuwa najua nasema nini.

Siku hiyo naikumbuka yote, ningependa niisahau. Nimefika na Bwana Luka asubuhi, tukasimama hatua mbili kutoka kwenye meza. Mjomba akainua uso, akangoja. Maana mie ndiye mdogo, natakiwa nianze. Nikatazama saa. Akangoja tena. Boksi likafika, likageuka, hakuvuta mkono, ananingoja mie. Nikabonyeza, nikaandika. Mwishowe akaanza yeye, mtu mzima, "Mjomba, hujambo?" Nikatazama boksi.

"Athumani."

Nikatazama boksi.

"Kuna msiba? Dada ana nini? Niambie tu."

Mama, hapo ndipo pagumu. Kadhani nimeficha habari ya kufa kwako. Nikatikisa kichwa tu, hata sijui kama kutikisa kichwa kulikuwa ndani ya masharti. Akashusha pumzi. Akageuka akavuta mkono. Halafu akamuuliza Bwana Luka, "Kijana wangu kawa kiziwi huyu?" Bwana Luka akasema, "Yuko kazini, mzee. Na wewe fanya kazi." Wa upande ule wakasikia. Mmoja akasema, "Bwana Saa ashapanda cheo, mzee Mfaume. Wewe wa mezani atakusalimia kwa lipi?" Wakacheka. Kwenye vidole vya mjomba kulikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi la sabuni, akakikunja vizuri akakiweka mfukoni.

Baada ya hapo hakunitazama tena. Boksi likija anageuka anavuta, likija anageuka anavuta. Nane. Nane. Tisa. Nane. Mchana akawa anauvuta ule mkono kwa nguvu mpaka ukuta unalia, ikawa saba. Injinia alikuwa kaniambia kutwa nzima, nikasimama kutwa nzima. Bwana Luka, ambaye si mtu wa huruma, jioni akaniambia, "Twende, yatosha. Hata mie miguu imekufa." Lakini alikuwa hasemi miguu.

Nikapeleka karatasi. Injinia akafuta ile ya zamani, akaandika nane. Kituo cha mjomba wangu, aliyekaa pale tangu mie sijazaliwa, kikawa hiyo namba nane tu. Akakiwasha kile kiwanda kidogo. Foleni ya mjomba ikayeyuka mara moja. Vikatembea, vikapita mezani bila kusimama, halafu vikaanza kupangana mbele zaidi, kwenye lifti. Pale vigari vinapongojana, maana lifti inachukua kigari kimoja na mlango unafungwa kwa mkono. Vijiboksi vikawa vyekundu pale pale nilipojua siku ya kwanza kwamba ndipo ninaposimama mie.

Tukatazama wote wawili. Injinia akaizima, akaiwasha tena. Vilevile.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona."

"Ukiwaonyesha hii watasema mkanda upande wenyewe mpaka juu. Lifti ife na vigari vife. Nyie wote."

"Ndiyo."

Akachezea kalamu. Akasema, kama vile anaongea peke yake, "Hesabu ya kwanza ishafika kwa meneja. Nikiichanganya na ya leo nikachukua ya katikati, msongamano unabaki kwa mzee. Hakuna atakayeniuliza. Wewe ndo nimefanya kazi na wewe, mzee mie simjui."

Usidhani nilifikiri sana, mama. Miguu ilikuwa inauma, na bado nasikia ule mkono wa chuma unavyogonga ukuta. Kwenye vigari kuna wenzangu pia, wana watoto, na wao sikuwauliza, na hilo linaniuma mpaka leo na sina wa kumwambia ila wewe. Lakini foleni ya mjomba haipo, nilikuwa nimeileta mie kwa mguu wangu. Ile ya lifti ipo, mie mwenyewe nimesimama ndani yake mara ngapi. Nikamwambia, "Andika nane."

Akaandika.

Orodha imebandikwa wiki iliyopita. Sisi wa vigari wote tumo. Jina langu la nne kutoka chini, wamelikosea herufi lakini ndilo. Jina la mjomba halimo. Wenzangu hawajui hesabu ilivyokwenda, wanajua tu Bwana Saa alikuwa anapita na saa, halafu wakapunguzwa. Basi inawatosha. Mmoja tuliyekuwa tunakula naye sahani moja sasa akiniona anavuka barabara. Injinia ashamaliza kazi yake ameondoka. Aliniachia ile karatasi aliyoibandika juu ya kompyuta. Sijui nifanye nayo nini, nimeiweka kwenye Msahafu.

Kwa hiyo narudi nyumbani, mama. Wametuambia tungoje karatasi zetu mpaka mwisho wa mwezi, na barabara ikikauka nitapanda gari. Barua hii imetangulia na Bi Zaituni ili usije ukanitazama usoni ukiwa hujui.

Juzi nikaenda kwa mjomba kuaga. Sikutaka, nikaenda. Nikamsalimia mlangoni, akaitika marahaba, akarudi kusikiliza redio. Mkewe akanipa kiti. Nikakaa. Halafu mjomba akapunguza redio akaanza kusema, bila ya hasira, ndo vibaya zaidi. Akasema kazi za watu zinataka adabu. Akasema alikuwa akimwomba Mungu nisiwe miongoni mwa watu wanaopewa shati wakasahau aliyewavisha nguo. Akasema anaona Mungu ana njia zake, kwamba yeye mzee asiyejua kompyuta wamemwacha, na mie wameniondoa, na kama nina akili nitajua kwa nini. Mkewe akasema, "Mfaume, basi." Nikasema nimesikia mjomba. Orodha ishabandikwa, sharti la injinia lishakwisha, naweza kusema. Lakini nimweleze nini? Kwamba walitaka kumwondoa kwa sababu ya kuniuliza habari zako? Atakuwa kila siku pale mezani anaogopa kufungua mdomo. Yeye anapenda kuongea, mama. Ndo kitu kinachomfikisha jioni.

Nikaomba ruhusa ya kuondoka.

Sasa nakuomba. Wewe ni dada yake mkubwa, neno lako kwake halirudi. Mpelekee salamu umwambie umenikanya, na mie nimekubali kosa, na anisamehe. Usimweleze zaidi ya hapo. Ukiniona nimekuja, na watu wakiuliza, waambie umeniita kwa ajili ya palizi. Lile shamba la mjomba la mikorosho kule juu, ambalo halina mtu, nitalisafisha. Hilo usimwambie nani kalisafisha, mwambie tu limesafishwa.

Nisalimie baba mdogo, mwambie nyavu za kuku sikuzipata, nitauliza tena. Nisalimie bibi mzaa mama, umshikie mkono kwa niaba yangu. Nisalimie mama mkwe mtarajiwa, lakini kwake usitaje habari za kazi kwanza, mpaka nije nimweleze mwenyewe. Nisalimie mwalimu wa madrasa na jirani yetu wa kisimani. Somoe, wewe nakuletea ile kanga niliyokuahidi, nilishainunua kabla.

Na mjomba naye ana salamu zake kwako. Nilipokuwa nimeshatoka nje navaa viatu, akanifuata mpaka uani. Nikadhani bado ana la kunisema. Akasimama pale kavaa seruni, anajaribu kuukaza uso na uso unamshinda, unataka kucheka wenyewe. Akaniambia, "Ukifika, mwambie dada wamenibakiza. Wamepunguza watu wengi, vijana wenye nguvu, mie wamenibakiza. Mwambie hivyo hivyo."

Nakufikishia kama alivyosema.

Mwanao,
Athumani